Malale ya Mpakani

Mwaka 1901 hapakuwa na Busia mbili, ya Kenya na ya Uganda. Nchi yote kuanzia ufuo wa Nyanza, kupita vilima vya Samia na jabali la Tororo, hadi Naivasha huko mashariki, ilihesabiwa kuwa ndani ya Himaya ya Uganda, na upande wake wa mashariki ulikuwa mkoa wa mashariki wa himaya hiyo. Wasamia walikuwa wahunzi, na majembe yao yalisafiri mbali na nyumbani, ng'ambo zote mbili za mto Sio, bila mtu kuuliza yanatoka wapi. Mpaka ulikuja tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza walipoutoa mkoa huo Uganda na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Siku hiyo ilipofika, malale yalikuwa yamekwisha kuanza kuua.

Waliowatambua wagonjwa wa kwanza walikuwa madaktari wawili wa hospitali ya Mengo, Albert Cook na nduguye Jack, mwezi wa Februari 1901. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota, kwa jinsi mgonjwa anavyosinzia, kichwa kikimwangukia kifuani. Kutoka pwani ya Busoga ulisambaa kando ya ziwa kuelekea mashariki, ukaingia Samia na vijiji vya wavuvi vya Nyanza.

Asiyewahi kumwuguza mtu wa malale ni vizuri ajue kinachotokea. Mbung'o anauma, na mahali alipouma huweza kuvimba kidonda kigumu, chekundu. Siku chache baadaye homa inakuja, inaondoka, inarudi. Hapo ndipo wengi wanapopotea, maana Tororo kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi kupita kiasi duniani, na kila homa hupewa jina hilo na dawa zake. Kichwa kinagonga, viungo vinauma, uso unavimba, damu inapungua. Mkulima aliyekuwa akimaliza shamba kabla ya jua kupanda anakaa chini katikati ya tuta. Kisha vimelea vinavuka kutoka kwenye damu na kuingia kwenye ubongo. Usiku mgonjwa anakesha, mchana analala, hata tonge likiwa mkononi. Mtu mpole anageuka mkali, anawatukana wakwe zake, anasahau njia ya kisimani. Mwisho hawezi kusimama. Asipotibiwa, atakufa.

Udhaifu wa namna hii una historia ndefu ya kudhaniwa kuwa tabia. Katika vitabu vya Kiingereza vya karne ya kumi na tisa ugonjwa huu uliandikwa kwa jina lenye maana ya ulegevu wa watu weusi, kana kwamba ni sehemu ya maumbile yao. Wanunuzi wa watumwa hawakudanganyika na jina hilo. Daktari Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, aliandika mwaka 1803 kwamba waliwakataa watu wenye tezi zilizovimba nyuma ya shingo, kwa kuwa walijua hao hawataishi. Mwenye biashara alijua ni maradhi, huku jina lililochapishwa likiendelea kusema uvivu. Nalitaja hili mapema kwa sababu, hadi juzi hapa mpakani, mgonjwa wa malale alihukumiwa kwanza na majirani zake kuwa mvivu, au mlevi, au aliyerogwa, kabla mtu hajafikiria kumpima damu.

Tume ya kwanza ya Royal Society ya London ilifika mwaka 1902 ikiwa na watu watatu: George Carmichael Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Christy alipewa kazi ya kutembea. Alizunguka kando ya ziwa akiandika ugonjwa umefika wapi, na ramani zilizotokana na safari zake zilionyesha jambo la wazi, kwamba ugonjwa ulishikamana na maji. Castellani alibaki na hadubini, na mwezi wa Novemba mwaka huo akaona vimelea vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, ingawa mwanzoni alishikilia kwamba chanzo ni bakteria. David Bruce alipofika Machi 1903, maana ya kile alichokiona Castellani ikajulikana, na mbung'o wa kandokando ya ziwa akatambuliwa kuwa ndiye msambazaji.

Kati ya 1900 na 1920 Uganda ilipoteza watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 250,000. Serikali ilijibu kwa kuwahamisha waliosalia. Kuanzia mwishoni mwa 1906, chini ya Hesketh Bell, watu waliondolewa kwenye ukanda wa maili mbili kutoka ufuoni, kisha visiwani. Walioishi kwa samaki wakapelekwa mahali pasipo na samaki. Wakati huohuo, katika visiwa vya Ssese, Robert Koch alikuwa akijaribu dawa ya atoxyl, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Iliwapa wagonjwa nafuu ya muda, na baadhi yao ikawapofusha macho.

Kuhamisha watu kulipunguza vifo, hilo halipingiki. Lakini kulijengwa juu ya wazo kwamba mtu ndiye ghala la ugonjwa: mwondoe mtu, mbung'o atakosa pa kuchota vimelea. Wazo hilo lingefaa kama malale yangekuwa ya aina moja.

Mwaka 1910, huko Liverpool, John Stephens na Harold Fantham walieleza aina ya pili ya kimelea, kutoka kwa mgonjwa aliyeambukizwa bonde la Luangwa, Zambia ya leo. Aina ya kwanza, gambiense, inaenda taratibu. Mtu anaweza kuishi nayo miaka. Ya pili, rhodesiense, ina haraka, na huua ndani ya miezi. Kwa miongo mingi ilisemwa kwamba balaa la mwaka 1901 lilikuwa gambiense, na kwamba rhodesiense iliingia Busoga baadaye sana, karibu na 1940, mlipuko mwingine ulipotokea. Mwaka 1995 watafiti watatu, akiwamo Pieter de Raadt aliyekuwa amefanya kazi Tororo, walirudi kwenye kumbukumbu za wagonjwa wa zamani. Waliona wengi walikufa upesi mno kuliko inavyoelezeka kwa gambiense. Hoja yao ni kwamba rhodesiense ilikuwapo tangu mwanzo, au angalau ilichangia. Mimi hoja hiyo inanishawishi, hasa nikikumbuka kwamba katika miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na miaka iliyofuata mifugo ilisogezwa huku na huko kujaza maboma yaliyobaki matupu. Kila mlipuko uliokuja baadaye katika eneo hili una ng'ombe mahali fulani katika kisa chake.

Kilichothibitisha habari ya ng'ombe kilifanyika hapahapa. Baada ya vita vya pili vya dunia, serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunda shirika moja la utafiti wa malale na nagana, yaani malale ya mifugo, lililokuja kujulikana kwa kifupi cha EATRO, na maabara yake kubwa ikajengwa Tororo. Pangekosekana mahali pazuri kuliko hapo: reli ilipita, mpaka ulikuwa karibu, na mbung'o walikuwa mlangoni. Wataalamu wa EATRO walihudumia nchi zote tatu bila kujali bendera, na walipoitwa Nyanza walivuka na sanduku zao za hadubini.

Mwaka 1958 R. B. Heisch na wenzake walipata rhodesiense katika damu ya pongo aliyeuawa Sakwa, Nyanza ya Kati. Basi mnyama wa porini aliweza kuficha ugonjwa wa binadamu. Kisha, katika miaka ya 1960, malale yakalipuka Alego, si mbali na Busia. Mbung'o wa Alego hawakuwa wa porini. Walikuwa wamehamia kwenye vichaka vya lantana vilivyozunguka maboma, mmea wenye maua ya rangi mchanganyiko ambao Waganda huuita kayukiyuki, na waliuma watu na mifugo papo hapo uani. R. J. Onyango, van Hoeve na de Raadt walitoka Tororo kwenda kupima ng'ombe.

Tatizo lao lilikuwa hili. Kimelea cha nagana kisichomdhuru binadamu na kile kinachomwua ni sawasawa chini ya hadubini. Ukiweka tone la damu kwenye kioo unaona kijidudu kirefu, chembamba, kinajinyonga kati ya chembe nyekundu na kuzisukumasukuma, na hakuna jicho linaloweza kusema ni kipi kati ya viwili hivyo. Wakati ule jibu la hakika lilipatikana kwa binadamu aliyejitolea kuingizwa damu hiyo mwilini, naye akasubiriwa kama ataugua. Hivyo ndivyo walivyofanya. Kimelea kilichotoka kwa ng'ombe wa Alego kilimshika mtu, na taarifa yao ya mwaka 1966 ikasema kwamba ng'ombe wa kawaida, anayekamuliwa asubuhi na kufungwa usiku karibu na mlango, anaweza kubeba malale akiwa haonyeshi dalili nzito. Jina la aliyejitolea halitajwi katika masimulizi, wala sidhani kuna mahali alipojengewa kumbukumbu. Ninamheshimu sana mtu huyo.

Kuanzia hapo njia ilijulikana. Ulinzi wa watu ungeanzia zizini. Ila kujua njia na kuipita ni mambo mawili, na siasa za eneo hili zilikuwa karibu kuharibika.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Biashara ya pamba na kahawa iliyumba, mashamba yakaachwa, na palipoachwa shamba palimea lantana. Unyunyiziaji wa dawa ulisimama, madaktari wa mifugo wakakosa mafuta na mishahara. Mwaka 1976 malale yalianza upya Luuka, katikati ya Busoga. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na EATRO ikavunjika nayo. Tororo ilibaki na majengo na wataalamu wachache chini ya serikali isiyokuwa na fedha. Kenya ikaanzisha taasisi yake, KETRI, huko Muguga, na baadaye wagonjwa wa upande wa Kenya wakawa wanalazwa Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia. Maabara moja iliyoangalia pande zote mbili za Sio ikawa mbili zenye migongo iliyogeukiana, wakati uleule ambao ugonjwa ulikuwa ukija. Kati ya hasara zote za kuvunjika kwa Jumuiya ile, hii haisemwi sana, na kwangu ni mojawapo ya zilizogharimu uhai wa watu wengi.

Mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya Amin kukimbia, Busoga peke yake iliandikisha wagonjwa zaidi ya 8,000. Katikati ya miaka ya 1980 mlipuko ulikuwa umefika Tororo, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Busia yote ya Uganda hadi ilipogawanywa mwaka 1997. Wagonjwa walifika kwa baiskeli, wamefungwa kwa kanga mgongoni mwa ndugu ili wasianguke. Wale ambao vimelea vilikuwa vimefika ubongoni walitibiwa kwa melarsoprol, dawa ya mwaka 1949, nayo pia ya aseniki. Ni sindano inayochoma mshipa kama moto, na kati ya kila wagonjwa 20 waliodungwa, mmoja hivi aliuawa na dawa yenyewe. Familia ilielezwa hivyo, ikakubali, kwa sababu bila sindano kifo kilikuwa cha hakika.

Kilichozuia balaa lisizidi kilikuwa kitambaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mitego ya buluu na nyeusi ilitundikwa kwa wingi vijijini kusini-mashariki mwa Uganda, kazi iliyoongozwa na mtafiti Mfaransa, Lancien. Mbung'o huvutwa na buluu, hutua kwenye nyeusi, kisha hupanda kuelekea mwanga na kunaswa juu. Mbinu hii hufaulu kwa sababu mbung'o ana udhaifu wake mwenyewe. Mbu hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike hulea buu mmoja tu tumboni kwa wakati, na humzaa baada ya siku tisa au kumi. Ukiongeza vifo vya majike kidogo tu kila siku, uzazi wao haufidii tena. Wagonjwa walipungua. Wafadhili walipoondoka, mitego ilichakaa, mingine ikawa nguo.

Kisha ng'ombe walisafiri. Teso ilikuwa imepoteza karibu mifugo yake yote kwa uvamizi na vita vya mwisho wa miaka ya 1980, na amani iliporudi watu walitaka kufuga tena, haki yao kabisa. Ng'ombe wakanunuliwa kusini, pamoja na maeneo ya Tororo yenye malale, wakapelekwa kaskazini. Desemba 1998 malale yalitokea Soroti, mahali ambapo hayakuwa yamejulikana kabla. Eric Fèvre na wenzake walipofuatilia, kesi zilikuwa zimezunguka mnada wa ng'ombe wa Brookes Corner: kadiri mtu alivyoishi karibu na mnada, ndivyo hatari yake ilivyokuwa kubwa. Sheria ilitaka ng'ombe adungwe dawa kabla ya kuuzwa nje ya eneo la ugonjwa. Haikufuatwa.

Na hesabu za hospitali zilikuwa ndogo kuliko ukweli. Martin Odiit, aliyekuwa katika taasisi ya Tororo, alikadiria pamoja na wenzake mwaka 2005, kwa kutumia takwimu za Serere, huko Teso, kwamba kwa kila kifo kimoja cha malale kilichoandikwa, 12 havikujulikana. Fikiria miaka hiyo katika barabara ya Malaba na Busia, malori yamepanga foleni, UKIMWI umeingia kila ukoo. Mtu mzima anakonda, anadhoofika, anachanganyikiwa, anakufa. Jirani alikuwa na jibu tayari, na aibu ilizuia swali la pili. Wajane wangapi wametengwa kwa ugonjwa ambao waume zao hawakuwa nao?

Mwaka 2001 shida iliyowalazimu watafiti wa Alego kutumia mwili wa binadamu iliondoka. Sue Welburn na wenzake walitumia jeni iitwayo SRA, ile inayokiwezesha kimelea kustahimili damu ya mtu, kutambua ng'ombe wa Uganda waliobeba malale ya binadamu. Mwaka 2006 kampeni iliyowaunganisha Chuo Kikuu cha Makerere, cha Edinburgh na kampuni ya dawa za mifugo iliwapeleka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo vijijini, kaskazini mwa ziwa Kyoga, wakidunga ng'ombe na kuwapulizia dawa. Mbung'o wanaouma ng'ombe hutua zaidi miguuni na tumboni, kwa hiyo si lazima kuogesha mnyama mzima. Kijana anavaa bomba mgongoni, anazungusha mkono chini ya tumbo, anapita mguu mmoja baada ya mwingine, na dakika chache baadaye ng'ombe anarudi malishoni akiwa mtego unaotembea. Dawa inayotumika ni kidogo, gharama inashuka, na majaribio ya namna hii yamefanyika Tororo pia.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani liliitangaza Kenya kuwa imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Mwenyeji wa mwisho aliyeambukizwa nchini alipatikana mwaka 2009. Ni ushindi wa kweli, na sehemu yake kubwa ni ya watu wa Busia na Teso, upande wa Kenya, waliojitokeza kupimwa na kufunga mitego. Uganda nayo ilithibitishwa mwaka 2022, lakini kwa gambiense tu, ile ya kaskazini-magharibi. Kwa rhodesiense bado, na Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili. Dawa nayo imebadilika: fexinidazole, vidonge vya kumeza vilivyojaribiwa katika hospitali ya Lwala, Uganda, na Rumphi, Malawi, vimeingizwa mwaka 2024 katika miongozo ya WHO ya kutibu rhodesiense. Wengi wa wanaougua leo hawahitaji tena kuchomwa aseniki.

Kinachobaki ni nani atalipia ng'ombe. Mfugaji wa Mukujju, upande wa Uganda, au wa Funyula, upande wa Kenya, hununua dawa anapoona kupe, au ng'ombe anapokonda. Malale hayamkondeshi ng'ombe sana. Anayeweza kufa ni jirani wa tatu, na hakuna mfugaji mwenye ndama wawili anayeweza kubebeshwa gharama hiyo peke yake. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kinakagua lori moja mara moja badala ya mara mbili, maofisa wa nchi zote wakiwa chini ya paa moja. Ng'ombe wengi hawapiti hapo. Wanavushwa mito ya Sio na Malaba kwa miguu, siku za mnada, kwenda kwa wajomba na kwa wakwe. Sindano moja mnadani, inayolipiwa na serikali zote mbili na kuandikwa katika daftari moja, ingewafikia.

Maabara ya Tororo bado ipo, na ya Alupe pia. Kati yao hakuna hata mwendo wa saa mbili kwa gari.